Safu ya Wasiokohoa

Kasongo, Jumapili, 12 Oktoba 1952

Mvua imeanza, na kifua cha mume wangu kimeanza pamoja nayo. Wakati wa kiangazi Zéphirin hukohoa kama watu wengine. Mvua ya kwanza ikigonga majani ya nyumba, anakohoa mpaka anakaa kitako na kushika magoti. Leo hakuweza kwenda misa. Padri aliniuliza habari zake, nikamjibu kwamba yu mgonjwa, naye akasema tumbaku ni mbaya. Zéphirin hajavuta tumbaku tangu azaliwe. Ni daktari wa serikali aliyesema hivyo miaka mingi nyuma, na neno lake limetembea mpaka limefika sakristia.

Nataka niandike habari ya mapipa mara moja tu, nisiirudie. Wakati wa vita Zéphirin na wenzake walipelekwa Misri. Hawakupigana na mtu. Walipewa kazi ya kuhamisha mapipa ya chuma kutoka kwenye treni mpaka kwenye mashimo ya jangwani, na mengine yalikuwa yanavuja maji mazito yenye harufu ya kitunguu saumu. Wazungu waliosimamia walivaa barakoa za mpira na glovu. Zéphirin na wenzake walibeba mabegani, vifua wazi, kwa sababu ya joto. Usiku ule ngozi ilivimba malengelenge, macho yakafunga. Waliambiwa ni jua. Mimi niliolewa na mtu mwenye mgongo laini, nikarudishiwa mtu mwenye mgongo wa magome. Tangu hapo kitunguu saumu hakiingii jikoni kwangu, maana akikinusa anatapika.

Masista walinifundisha kuandika ili nisome vipimo vya nguo ninazoshona. Wanisamehe kwamba sasa naandikia hasira.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Zéphirin amelala akiwa ameegemea ukuta.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekuja Octave, serja wao wa zamani, aliyewaongoza Misri. Viatu vyake vinang'aa hata katika tope hili, sijui anapitia wapi. Shati lake amelifunga vifungo vyote mpaka kooni, kama kawaida yake, hata jua liwe kali namna gani. Ni mtu wa kukagua kiti cha watu kabla hajakikalia.

"Shemeji," akaniambia, "leo nimekuja na habari. Wakubwa wa Ulaya wako wanakuja. Siyo hawa wa hapa. Ni wale wa bunge, wale njo wanatungaka sheria. Mwezi wa kwanza watapita Kasongo."

Zéphirin aliacha kukohoa, nadhani kwa mshangao. Nami, nakiri, niliweka sufuria chini. Kwa sababu kila walipokwenda kwa daktari, kila walipokwenda ofisini, jibu lilikuwa lile lile: hakuna sheria. Kuna sheria ya aliyepigwa risasi. Kuna sheria ya aliyekatwa mguu. Ugonjwa wa mapipa hauko kwenye sheria, kwa hiyo hauko. Basi kama watunga sheria wenyewe wanakuja mpaka hapa, si wataona?

"Wataona," Octave akasema. "Mimi mwenyewe nitasema."

Jumatano, 22 Oktoba

Wale waliobeba mapipa wamekutana kwetu. Wale wa kijiji cha Wamaza walitembea kwa miguu, nyayo zimewavimba. Asani alitoka Nyangwe, mtumbwi kwanza, kisha njia, mkono wake begani kwa mke wake Feza. Asani alikuwa mvuvi. Maji ya pipa yalimrukia usoni, na mwanga uliobaki machoni mwake unamtosha kujua mchana na usiku, basi.

Walibishana sana. Mmoja alitaka waombe ng'ombe, tukacheka. Mwishowe walikubaliana jambo moja: sheria iseme kwamba ugonjwa huu ni wa vita. Ikisema hivyo, hospitali itawapokea, na zaidi ya hapo, mtu ataondolewa kwenye pamba. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Kila mwanamume hapa analazimishwa kulima shamba la pamba la serikali, na asiyelima anafungwa. Zéphirin akiinua jembe mara chache tu, midomo inabadilika rangi. Mwaka jana tulilima mimi na binti yetu Julienne. Julienne ameolewa Kabambare mwezi wa nane.

Asani alisema, "Miye sitaki kitu mingi. Nataka ule mutu wa sheria aniangalie hapa machoni, aseme: njo vita ilifanya hivi. Basi, nirudi Nyangwe."

Feza alimwekea chakula mkononi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepanda mpunga wangu bondeni. Udongo mzuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Antoine, monita anayesimamia mashamba ya pamba, amekuja na kamba yake kupima shamba letu. Namfahamu tangu mdogo, mama yake alikuwa jirani. Alipima bila kunitazama.

"Mama Julienne, mwisho wa mwezi wa kwanza iwe imelimwa na kupandwa. Miye sina nguvu juu ya hii. Wakikuta majani, watanifunga miye pia."

Nikamwuliza kama haoni mtu aliyeegemea ukuta pale.

"Ninamuona, mama. Karatasi iko wapi?"

Karatasi ya kumwondoa haipo kwa sababu sheria haipo. Nilimpa Antoine maji ya kunywa na alikunywa yote. Tunaishi hivyo, tunapeana maji na kutishana.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilitapika leo, kweli kabisa, na si kwa mimba.

Octave ametoka ofisini kwa Bwana Mkubwa wa wilaya. Amekubaliwa! Alisema hivyo akiwa barabarani bado, akipunga kofia. Kisha akaketi akaeleza masharti. Askari wa zamani watasimama safu moja mbele ya ghala ya pamba. Watavaa koti la jeshi, medali, viatu. Watapiga saluti. Wageni watapita na kuwakagua. Akiulizwa, atajibu Octave peke yake, na maneno atakayosema, Bwana Mkubwa ameyasikia kwanza na kuyapunguza.

"Ameyapunguza namna gani?" nikauliza.

"Neno mapipa limetoka. Neno Misri limebaki."

"Na ugonjwa?"

Akasugua goti. "Amesema tuseme uchovu."

Uchovu! Mimi huchoka nikitwanga. Mtu anayetema damu ndani ya kitambaa nilichomshonea mwenyewe, huyo naye amechoka? Nilitoka nje nikatapikia nyuma ya migomba. Niliporudi Octave alikuwa anamwonyesha Zéphirin jinsi ya kukunja mkono kwa saluti, na Zéphirin alikuwa anakunja.

Jumanne, 25 Novemba

Mazoezi yameanza. Mazoezi! Kwenye mvua!

Jumamosi, 29 Novemba

Nilikwenda kuwatazama nyuma ya ghala. Wanaume wazima wamesimama kwenye tope, Octave anapita mbele yao na kijiti: "Gadavu!" Wanasimama wima, miguu inagongana. Mmoja akikohoa, Octave anaanza upya tangu mwanzo. Kwa hiyo wamejifunza kutokukohoa. Wanavuta pumzi, wanaifungia, macho yanatoka, jasho linashuka. Octave akisema "Repo," yaani wapumzike, wote wanaanguka mbele mikono magotini, na sauti inayotoka pale ni ya mbuzi wanaochinjwa.

Na wanajivunia! Njiani Zéphirin aliniambia leo amezuia muda mrefu kuliko wote. Nilimwambia asinisemeshe.

Jumanne, 2 Desemba

Ana homa. Mazoezi yamemlaza. Octave ametuma salamu na kibuyu cha asali. Asali nimempa Zéphirin, salamu nimezimwaga.

Jumapili, 7 Desemba

Homa imeshuka kidogo. Amenieleza kitu ambacho sikukijua. Katika jeshi lao, ofisa akimaliza kukagua safu huuliza, "Nani ana lalamiko?" Ni kanuni, lazima aulize. Na kesho yake aliyejibu huvuliwa suruali, hupigwa fimbo mbele ya wenzake. Kwa hiyo hakuna aliyejibu. Miaka yote, asubuhi kwa asubuhi, swali na kimya, swali na kimya.

"Wageni nao watauliza hivyo," akasema. "Bwana Mkubwa amewaambia wafanye kama jeshini, ipendeze. Basi hapo serja atatoa mguu mmoja mbele, atasema yote, na mapipa. Maneno ya Bwana Mkubwa ameyashika kwa kumdanganya tu."

"Ameapa?"

"Ametuapia sisi wote."

Sikujua Octave ana ujanja huo. Usiku nilimwombea, jambo ambalo sijawahi kumfanyia.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Mvua tangu misa hadi sasa. Mpunga unapendeza.

Ijumaa, 9 Januari 1953

Wake tumekutana kwenye chemchemi. Feza amefika na Asani, wanalala kwetu. Mimi ndiye niliyeanza kusema. Nikawaambia: jamani, mgeni akija sisi tunafanya nini? Tunafagia, mgonjwa tunamficha chumba cha nyuma, mtoto mwenye upele tunamwambia akacheze mbali, na mume tunamwogesha na kumpaka mafuta mpaka ang'ae. Safari hii tusifanye hivyo. Wasioge. Wasipakwe mafuta hata tone. Ngozi iwe ya majivu kama ilivyo, ndevu zibaki, vidonda visifungwe. Wageni waone nyumba yetu kabla haijafagiwa.

Walicheka, wengine walishika midomo. Mmoja wa Wamaza akasema, "Watasema mume wangu hana bibi." Feza akamjibu, "Acha waseme. Wangu hataona wanavyomwangalia." Tukacheka tena, kisha tukakubaliana, tukapeana mikono ikiwa bado na maji.

Jumatano, 14 Januari

Kesho. Zéphirin hajaoga, kama tulivyopatana. Ananuka. Nimefurahi kwa harufu hiyo, niko kichaa.

Alhamisi, 15 Januari

Nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Alfajiri nilisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba ya jirani, alikofikia mke yule wa Wamaza. Nikatoka. Alikuwa anamsugua mume wake kwa sabuni. Aliponiona akasema, "Mama Julienne, kidogo tu, miguu tu." Mafuta yalikuwa pale kwenye bakuli, yale meusi ya kokwa za michikichi. Nilirudi ndani nimekasirika, nikamtazama Zéphirin kwenye mwanga wa mlango, ndevu, ngozi imepauka, koti limekunjamana. Nikafikiri: wa yule atang'aa, wangu atasimama karibu yake kama mtu aliyeokotwa, na Kasongo nzima itasema Marcelline amechoka na mume. Nikachemsha maji.

Nimeandika. Nilichemsha maji, nilimwogesha, nilimnyoa, nilimpaka mafuta kifua na mgongo mpaka makovu yakalainika na rangi ikarudi, nikapiga pasi koti kwa makaa. Na yeye, ambaye alikuwa ameahidi, alinyoosha shingo nimnyoe vizuri.

Tulipofika kwenye ghala, nilitazama safu nikataka ardhi inimeze. Wote! Kila mmoja aling'aa. Kila mwanamke alikuwa amedanganya wenzake gizani. Walisimama pale weusi, wazuri, mabega mapana ya makoti, medali kifuani, ungedhani ni vijana wanaokwenda harusini. Wake tulikwepana macho.

Feza peke yake ndiye aliyeshika neno. Asani alikuwa kama alivyo, kope zimegeuka nje, usaha kwenye pembe za macho, koti bila pasi. Polisi wa Bwana Mkubwa akamtoa kwenye safu kabla wageni hawajafika. Si kwa nguvu. Kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Mzee, kuja upumzike kidogo." Wakamketisha ndani ya ghala kwenye marobota ya pamba, mlango ukarudishwa. Feza alipotaka kumfuata wakamzuia.

Octave aliona. Nilimwangalia: aliona, na akasogeza mtu wa pili azibe nafasi.

Wageni walifika na magari mawili. Wabunge walikuwa wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene anayejipangusa shingo kwa kitambaa. Mrefu alikuwa na uso mwema, nisimsingizie. Walipita mbele ya safu polepole. Mnene aligusa bega la Zéphirin akasema kitu, Bwana Mkubwa akacheka, karani akatafsiri kwa sauti ili sote tusikie: "Mheshimiwa anasema hajapata kuona wanaume wazuri hivi. Anasema Kasongo kuna hewa nzuri."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, mikono ilienda yenyewe.

Kisha mrefu akarudi katikati, akasimama, akauliza. Karani akatafsiri: "Kuna aliye na lalamiko?"

Nilimtazama Octave miguu. Wote tulimtazama miguu. Viatu vile vinavyong'aa vilikuwa pamoja, kisigino kwa kisigino, na vilibaki hivyo. Mrefu alingoja. Nasema alingoja kweli, alitazama kila uso, na wale wanaume walifunga pumzi na kutazama mbele, hakuna hata mmoja aliyekohoa, hata Zéphirin. Mishipa ya shingo yake ilisimama. Walikuwa wamejifunza vizuri.

Ndani ya ghala Asani akaita. "Serja! Wamefika? Serja, wananiuliza?"

Mrefu akageuka. Bwana Mkubwa akasema neno moja tu, karani hakulitafsiri, lakini mimi nimekaa na masista na ninalijua. Alisema ni ombaomba.

Wakapigwa picha. Magari yakaondoka kuelekea Kabambare. Octave akasema "Repo," na safu nzima ikaanguka magotini ikikohoa na kutema kwenye nyasi, lakini mngurumo wa magari ulikwisha kupotea na waliokuwa wakitazama ni sisi tu, ambao tunajua.

Nimechukizwa na Bwana Mkubwa, lakini yeye ni mwenye kazi yake. Nimechukizwa na Octave mpaka siwezi kuandika jina lake vizuri. Na mikono yangu ina harufu ya mafuta, nimeiosha kwa majivu na bado.

Ijumaa, 16 Januari

Feza na Asani wameondoka bila kula. Feza aliniambia kwaheri kwa heshima zote. Afadhali angenipiga kofi.

Jumapili, 18 Januari

Sijamsemesha Zéphirin tangu siku ile. Leo amesema mwenyewe, akiwa amegeukia ukuta.

"Nilikuwa nangojea mguu wa serja. Nilisema, ukienda tu, nakohoa yote. Nilizuia, nilizuia, mpaka sikuona tena yule muzungu. Niliona ile jangwa. Nilisema moyoni, enda, serja, enda."

"Na ungekohoa bila mguu wake?"

"Marcelline, haikunijia hata kufikiri."

Nilikaa karibu naye. Si ujinga wake, si woga wake. Walikiweka ndani yake kile kimya siku nyingi kabla ya mapipa, na hakuna daktari aliyekipima. Nilimpikia uji.

Jumamosi, 31 Januari

Antoine amekuja. Shamba la pamba lina majani mpaka kiunoni. Nililima upande mmoja peke yangu, homa ikanishika. Ameandika.

"Unisamehe, mama."

Nikamwambia nitamsamehe akishafunga kitabu chake. Alikifunga, lakini jina lilikwishaingia.

Jumanne, 10 Februari

Tumeitwa ofisini. Zéphirin alitembea akipumzika kila kwenye jiwe. Safari hii nilimpeleka kama alivyo: hajaoga, shati wazi, mgongo nje. Nilijifunza, nikachelewa.

Bwana Mkubwa hakusimama. Alinyoosha kalamu kuelekea ukutani nyuma yake. Picha ya siku ile iko pale, kubwa, ndani ya kioo. "Nani huyu?" akauliza karani kwa niaba yake. Zéphirin anaonekana wa tatu, kifua mbele, anang'aa.

"Ni mimi," mume wangu akasema.

"Wabunge wameandika katika taarifa yao kwamba askari wa zamani wa Kasongo wana afya njema sana. Mtu wa namna hii anashindwa na jembe?"

Nilisema. Nilisema kwa Kiswahili, na nilipoona hawasikilizi nilisema kwa Kifaransa changu cha kushonea: yale ni mafuta, bwana, ni mafuta tu, nilimpaka mimi. Karani akainamisha kichwa. Bwana Mkubwa akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema kumbe mama huyu anajua Kifaransa, vizuri sana. Akampa Zéphirin wiki mbili za jela, kazi ya kufyeka majani ya ofisi.

Jumatano, 11 Februari

Nimempelekea chakula. Anafyeka chini ya dirisha la ile picha.

Jumamosi, 14 Februari

Chakula kimerudi nusu.

Jumanne, 17 Februari

Chakula kimerudi chote.

Ijumaa, 20 Februari

Wamemwachia kabla ya siku zake. Bulamatari, yaani serikali ya Wazungu, ina huruma: haipendi watu wafie mikononi mwake. Ndugu walimbeba kwenye machela. Mwili umekuwa mwepesi, ningeweza kumbeba peke yangu.

Jumapili, 1 Machi

Julienne amefika kutoka Kabambare na mimba yake. Baba yake amemgusa tumbo akacheka. Mvua kubwa.

Alhamisi, 5 Machi

Zéphirin amefariki jana asubuhi, mvua ikiwa imetulia kidogo. Alikuwa anataka kuniambia kitu, akakohoa, na kile kitu kikaenda na kikohozi.

Tulimwosha mimi na Julienne. Julienne alileta bakuli la mafuta, ndivyo inavyofanywa, maiti haendi na ngozi ya majivu. Nikamwambia alirudishe. Nilimlaza sebuleni nikamvalisha shati jeupe nililomshonea, na sikulifunga kifungo hata kimoja. Kifua wazi. Kisha nikamgeuza ubavu kidogo na kumwekea mto, mgongo nao uonekane. Shangazi zake walipiga kelele kwamba nina wazimu. Niliwaambia wageni wapite, watazame polepole.

Walipita. Padri alipita. Alitazama magome yale, begani mpaka kiunoni, mahali pipa lilipokaa, alama ya ukingo wake wa duara bado ipo. Hakusema tumbaku. Alifanya ishara ya msalaba akatoka haraka. Antoine alipita, akasimama mlangoni mpaka tukamwomba awapishe wengine.

Mchana akaja Octave, amenyooka, viatu vinang'aa. Ametumwa na Bwana Mkubwa: askari aliyekwenda Misri apewe heshima, kutakuwa na tarumbeta na bendera, lakini sharti maiti avae koti lake na medali.

"Shemeji," akasema, "koti iko wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono: pita, utazame kama wenzako.

Akapita. Alisimama muda mrefu mbele ya Zéphirin, mikono kwenye mshono wa suruali. Nilingoja aseme upuuzi ili nimfukuze. Badala yake mkono wake ukapanda kooni. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Alifungua vyote mpaka chini, mbele ya wanawake, mbele ya shangazi, akalivuta shati likatoka mabegani.

Miaka yote ile sikuwahi kufikiri. Serja naye alibeba. Kifua chake ni kibaya kuliko cha mume wangu, mahali pengine pabichi bado, na vitambaa vimegandamana na nyama. Ndiyo maana hufunga vifungo vyote.

"Miye njo niliwaambia wabebe," akasema. "Muzungu alisema, shef, onyesha mufano. Nilibeba ya kwanza." Kisha akasema, "Siku ile niliambia mguu uende. Mguu haukwenda, shemeji. Niliuambia."

Akaanza kukohoa. Hakuweka mkono mdomoni. Alikohoa akiwa amesimama wima, na wale wengine waliokuwa nje, wa Wamaza, wakaanza nao, mmoja mmoja, mpaka uani kukawa hakusikiki kitu kingine. Sijamsamehe. Nilimletea kiti, na safari hii alikikalia bila kukitazama.

Tulizika bila tarumbeta.

Alhamisi, 12 Machi

Mpunga umeingia maziwa, punje zinaanza kujaa, na ndege wameshajua. Sina mtoto wa kukaa bondeni kuwafukuza. Nimechukua miti miwili nikaifunga msalaba, nikaivalisha koti la Misri, nimelipiga pasi vizuri, vifungo vyote mpaka kooni, medali kifuani. Nimeusimamisha katikati ya shamba, uso kwenye barabara. Mvua inaligonga, halisogei.

Mchana gari la Bwana Mkubwa lilipita, likapunguza mwendo, likasimama. Baadaye polisi akashuka bondeni, buti zimejaa tope, kofia mkononi.

"Mama, Bwana Mkubwa anauliza: ule njo nani anasimama kwenye mpunga?"

Nikamwambia: "Mwambie ni askari wake. Mwambie ni mzima kabisa, hakohoi, na hana lalamiko."